Nitayasemaje mambo ya mwili mbele ya mchungaji, diwani na baba yangu mzazi?

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mufindi, nina miaka 28, na kanisani ni katibu wa vijana. Mwezi ujao yamenikuta mambo mawili kwa pamoja. Kuna kongamano la vijana la jimbo, nimepewa dakika 20 nizungumzie 'maadili ya kijana wa leo'. Halafu kuna kikao cha wazi cha kata, diwani amesema kila kundi lilete hoja yake. Nataka kusema wazi kwamba msichana ana haki juu ya mwili wake: haki ya kukataa, ya kujua uzazi wa mpango, ya kupima bila kusimangwa, na hata mke ana haki ya kusema leo hapana. Mwaka jana wanafunzi wangu wanne waliacha shule kwa mimba, na hakuna aliyeuliza wale wanaume ni nani. Nilipomgusia mchungaji akaniambia haki za ngono ni ajenda ya wazungu na mwisho wake ni ushoga. Baba yangu ni mzee wa kanisa, atakaa mstari wa mbele. Rafiki yangu ananitisha kwamba mtumishi wa umma akiongea hayo anafukuzwa kazi. Je, ni kosa kisheria? Ni dhambi? Wakiniuliza habari za ushoga nijibu nini? Na nianze na sentensi gani? Mimi mwenyewe kuna jambo lilinipata nikiwa chuoni. Sijawahi kumwambia mtu, ila nafikiri nikilieleza pale ndipo watanielewa."

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nimezalisha akina mama kwa miaka 31, kwanza Rungwe na baadaye Iringa, na tangu nistaafu ni msaidizi wa kisheria. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza maswali manne, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, lililo mwishoni kabisa.

Jambo lililokupata chuoni usilitoe kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti. Sisemi ulifiche. Nasema mara ya kwanza iwe chumbani, mlango umefungwa, mbele ya mtu mmoja anayejua kusikiliza. Mtu aliyeumizwa na hajawahi kusimulia, siku anayofungua mdomo mwili wake humtangulia: koo linakauka, mikono inatetemeka, habari zinatoka bila mpangilio, la mwisho likatangulia na la kwanza likasahaulika. Mshauri nasaha anajua kwamba ndivyo kumbukumbu ya maumivu inavyokaa. Umati haujui. Umati ukikuona unababaika unadhani unatunga, na hakosekani mmoja wa kuuliza ulifuata nini kwake saa hizo. Halafu mfikirie baba yako. Analisikia pamoja na watu mia mbili, hawezi kunyanyuka akakushika mkono, na macho yote yanamgeukia yeye. Unamnyima nafasi ya kuwa baba kwa dakika zile ambazo ungemhitaji zaidi.

Zamani, kwenye semina moja, nilimwona binti akisimulia hivyo. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioiandaa. Tulimpigia makofi kwa ujasiri wake, tukala chakula cha mchana, tukatawanyika. Yeye akarudi kijijini peke yake na midomo ya watu. Bado linaniuma, ndiyo maana nakwambia wewe.

Kwa hiyo, kabla ya kongamano, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kuonana na mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kama aliyehusika alikuwa ameshika alama zako, ajira yako au cheti chako, sheria inalijua tendo hilo kwa jina: ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kulishtaki au kutolishtaki ni uamuzi wako, na si lazima uufanye wiki hii. Na kwa msomaji mwingine ambaye jambo la namna hii limempata jana au juzi: usisubiri. Dawa za kinga dhidi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na zile za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Uende leo.

Sasa sheria. Rafiki yako amekutisha kuliko inavyostahili. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa maoni na kuyaeleza, ya 19 inalinda imani, na ya 16 inaulinda utu na maisha binafsi ya mtu. Hakuna kifungu kinachomkataza raia kusema kwamba msichana anaweza kukataa, wala kutaja uzazi wa mpango mbele ya watu. Miongozo ya serikali ya uzazi wa mpango imesema tangu 1994 kwamba elimu na huduma ni kwa kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, awe na ndoa au asiwe nayo. Na kuhusu kupima: mwaka 2019 Bunge liliirekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008, umri wa kujiamulia kupima VVU ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Unaona? Hapo huombi haki mpya. Unawakumbusha wakubwa iliyokwisha kutolewa.

Ila wewe ni mwalimu, na kwa hilo rafiki yako ana nusu ya haki. Maadili ya utumishi wa umma hayakuruhusu kusema kwa niaba ya mwajiri bila kibali, wala kutoa nje siri ulizozipata kazini. Kwa hiyo utasema kama katibu wa vijana na mkazi wa kata. Shule usiitaje. Mkuu wako wa shule mwambie mapema kwamba umealikwa kuzungumza kwa nafasi yako ya kanisani, asije akalisikia sokoni. Na wale mabinti wanne uwalinde kuliko unavyoilinda hoja yako. Ukisema "mmoja alikuwa kidato cha pili, baba yake anafanya kazi kiwanda cha chai", umeshamtaja, Mufindi tunafahamiana. Wanaume usiwataje kwa majina pia, hata kama kijiji kizima kinawajua. Majina yanapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Yakitajwa jukwaani unaweza kujikuta wewe ndiye unashtakiwa kwa kashfa, na kesi ya binti ikaharibika.

Kuna mahali ambapo sheria iko upande wako kabisa, na usiongee kwa woga hapo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Swali lako "wale wanaume ni nani" ni swali la jinai, na kata nzima inapaswa kuona haya kwamba aliyeliuliza ni wewe peke yako. Tangu Novemba 2021 serikali imetangaza kwamba aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Nenda na hilo mfukoni, maana bado wapo wazazi wanaoambiwa haiwezekani.

Na kuna mahali ambapo sheria yenyewe ina shimo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18, na mahakama ikaweza kutoa kibali hata kwa aliyefika 14. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, na serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na mingine baada yake, bila marekebisho. Upande wa ndoa ni mgumu zaidi. Ukisimama ukasema "mume akimlazimisha mkewe anafungwa", mwanasheria mmoja ukumbini atanyosha mkono, naye atakuwa sahihi kukusahihisha: Kanuni ya Adhabu, kama ilivyobadilishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inamhesabu mke kuwa amebakwa na mumewe ikiwa tu wametengana. Mke anayeishi na mumewe hayumo. Sema ukweli huo, kisha useme kwamba unaona shimo hilo lizibwe. Lakini unayo silaha ambayo wengi hawaijui: kifungu cha 66 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinasema hakuna aliye na haki ya kumpiga mwenzi wake. Hakuna. Mwanamume anayemlazimisha mkewe kwa kofi tayari amevunja sheria ya nchi, hata kama mahari ilikuwa ng'ombe kumi.

Utoaji mimba usiuchanganye na hoja yako, hata wakikuchokoza. Ni kosa la jinai isipokuwa pale uhai wa mama unapookolewa. Ni mjadala mkubwa unaostahili siku yake na daktari wake.

Nije kwa mchungaji. Hii "ajenda ya wazungu" nimeisikia tangu ninavaa gauni jeupe, na nataka uielewe kabla hujaijibu, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kweli kilichovaa nguo isiyo yake.

Mimi nimezaliwa Rungwe. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao kando na cha baba zao, na mkwe wa kike hakutazamana na baba mkwe wake. Akimwona njiani anachepuka, anajificha uso. Ukilitazama juujuu utasema watu hawa waliogopa mambo ya mwili. Sivyo. Ulikuwa mpango, ili mambo ya uzazi ya kizazi kimoja yasigongane na ya kizazi kingine. Mabinti walifundwa, tena kwa maneno ya wazi kuliko ninayothubutu kuandika hapa. Bibi alisema na mjukuu, na mpaka leo wanataniana mume wangu, mke wangu, bila mtu kukunja uso. Kwa hiyo kwetu kusema hakukuwa mwiko. Mwiko ulikuwa nani anasema mbele ya nani.

Njia hizo zimekatika, na hakuna aliyejenga nyingine. Shangazi yuko Dar es Salaam, bibi amebaki kijijini, binti amepanga geto Mafinga au Makambako ili awe karibu na shule. Mwezi wa kwanza na wa pili kodi inatoka nyumbani. Wa tatu mahindi hayajauzwa, na anayejitokeza kulipa ni mwenye bodaboda au dereva wa lori la Tunduma. Binti huyo hajui lolote isipokuwa alichokiona kwenye simu. Anayepaswa kumwambia anaona haya, na anayemwambia hana haya hata kidogo.

Ndiyo maana naamini kwamba mchungaji anapokataa, mara nyingi kilichomkera si hoja bali mlango ulioingilia. Na neno lenyewe linakuponza. Kwa Kiswahili chetu "ngono" ni neno la tendo, tena lililo uchi. Ukisema "haki za ngono" mzee anasikia "ruhusa ya kuzini", na baada ya hapo hasikii tena kitu. Sema haki ya mtu juu ya mwili wake. Sema hiari. Sema ridhaa. Kwa wanandoa sema unyumba wenye heshima. Wala hutakuwa unaficha kitu, kwa sababu hicho ndicho ulichonieleza katika barua yako: hakuna mahali uliposema watu wafanye wapendavyo, umesema asilazimishwe mtu.

Na kwa habari ya wazungu, mkumbushe kwa adabu jina la Gertrude Mongella, mwanamke wa Ukerewe. Mkutano wa Dunia wa Wanawake wa Beijing, mwaka 1995, Katibu Mkuu wake alikuwa yeye. Ni katika azimio la mkutano huo dunia iliandika kwamba haki za binadamu za wanawake ni pamoja na kujiamulia, kwa uhuru na kwa kuwajibika, mambo ya mwili na uzazi wao, bila kulazimishwa wala kupigwa. Vatikani na nchi kadhaa ziliweka pingamizi zao, na usilifiche hilo. Lakini mtu asikwambie kwamba Mtanzania hakuwepo mezani. Alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Je, ni dhambi? Mimi ni mshirika tu, si mchungaji, ila Biblia naisoma. Kwenye kongamano usianze na Katiba. Kanisani Katiba ni mgeni, na ukiiweka mbele umewapa sababu ya kukuita mwanaharakati. Fungua Samweli wa Pili sura ya 13. Tamari, binti wa mfalme, anatumwa ampikie kaka yake anayejifanya mgonjwa. Anakataa kwa maneno, tena kwa sababu zilizopangika. Hasikilizwi. Akisha kuumizwa, kaka mwingine anamwambia anyamaze. Na Daudi, baba yao, anapopata habari anakasirika sana, basi. Hakuna alichofanya. Miaka miwili baadaye nyumba ile inamwaga damu. Mimi nimesali makanisa mengi ya nyanda hizi na naweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara nilizosikia sura hiyo ikihubiriwa. Isome. Vijana watajua wenyewe unazungumzia nini, na wazee wataona Daudi ni nani katika kata yao.

Kwa wanandoa, utatupiwa Wakorintho wa Kwanza sura ya 7, ule mstari kwamba mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe. Usiukimbie. Waombe wausome mpaka mwisho, kwa sababu sentensi inaendelea: vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Na mstari unaofuata unasema msinyimane isipokuwa mmepatana. Mmepatana! Paulo anadai makubaliano, na makubaliano hayapatikani kwa mtu ambaye haruhusiwi kukataa. Kuhusu uzazi wa mpango makanisa hayafanani. Kanisa Katoliki, tangu waraka wa Papa wa 1968, linakataa njia za kisasa na kufundisha zile za asili; makanisa mengi ya Kiprotestanti yanawaachia wanandoa dhamiri yao; na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu kwa wanandoa, wakirejea habari za maswahaba waliofanya azli, yaani mume kumwaga nje, zama za Mtume. Kwenye kata watu hawa wote watakuwepo. Usimsemee yeyote dini yake.

Watakwambia pia kwamba ukiwafundisha watoto mambo haya unawafungulia. Hofu hiyo ni ya upendo, usiicheke. Lakini imepimwa: UNESCO ilipokusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa 2018, ilionekana kwamba elimu ya afya ya uzazi haiwafanyi vijana waanze mapema, na pengine inawachelewesha. Nami nilichokiona wodini ni hichohicho. Watoto wa miaka 15 waliofika leba hawakuwa wameelimishwa kupita kiasi. Wengi walikuwa hawajui hata mimba iliingiaje.

Kikao cha kata ni nyumba nyingine, na huko ubadilishe mavazi. Tamari umwache kanisani, beba takwimu. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Hakuna mikoa iliyo juu ya hii yetu. Na ule utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 wameshawahi kushika mimba; jirani zetu wa Songwe walikuwa 45. Diwani akisema mila zetu zinatosha kuwalinda watoto, msomee namba hizo taratibu, bila kumkebehi.

Kisha uombe kitu ambacho diwani anaweza kukitoa. Maadili ya watu hawezi kuyabadilisha, ila anaweza kusukuma fungu. Omba zahanati iwe na saa za vijana mchana baada ya masomo, mlango ukiwa wa pembeni, na muuguzi asiyesema "wewe mtoto wa mzee fulani, unafuata nini hapa". Omba hosteli ya wasichana ili mambo ya geto yapungue. Omba kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ambayo kwa mpango wa taifa inapaswa kuwepo, isome taarifa yake mbele ya wananchi: kesi ngapi zimeripotiwa, ngapi zimefika polisi, ngapi zimemalizwa nyumbani kwa mbuzi. Na kabla hujaondoka hakikisha mtendaji wa kata ameiandika hoja yako kwenye muhtasari. Hoja isiyo kwenye muhtasari haifiki kamati ya maendeleo ya kata, na isiyofika huko haifiki halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo fuatilia. Mwanasiasa wa chama chochote akikupa fulana au kiti cha jukwaa lake, mshukuru na ukatae. Siku hiyo ukivaa rangi za mtu, nusu ya kata itaacha kukusikia.

Swali la ushoga litakuja, na mara nyingi haliulizwi ili lijibiwe. Linaulizwa ili hoja ya mabinti ife. Sheria ilivyo ni hii: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Mwingereza, kinaharamisha, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Usidanganye juu ya hilo, na si lazima ugeuke msemaji wa jambo ambalo hukuja nalo. Ningejibu hivi: "Nimeleta habari za wasichana wa kata hii. Kuhusu hao mnaowauliza, ninachokijua ni kwamba hakuna binadamu anayestahili kupigwa, kusingiziwa wala kunyimwa matibabu." Kisha rudi kwenye hoja yako ya hosteli. Lakini nakusihi, usinunue makofi kwa kuwatukana. Najua watetezi wanaofanya hivyo ili waonekane wa heshima, na ukumbi hufurahi. Mimi nimepokea wagonjwa waliochelewa mpaka kidonda kikaoza kwa sababu waliogopa kusema walikoumia. Kitanda walicholalia ni kilekile alicholalia binti wa kidato cha pili, na woga uliowachelewesha ni uleule.

Baba yako. Kwa yote niliyosema juu ya nani anasema mbele ya nani, nadhani umeshaona. Asilisikie pale kwa mara ya kwanza. Usimweleze wewe mwenyewe kipengele kwa kipengele, mtume shangazi yako au mama yako mkubwa, yule anayeweza kuketi naye jioni akamwambia, "Binti yako amepewa kusema, atagusa mambo mazito ya mabinti, ametaka ujue mapema." Baba akijua, ana siku kadhaa za kukasirika faraghani na kupoa. Kwa mchungaji nenda na mama mmoja mzee wa umoja wa wanawake, yule ambaye kanisa zima linamwamkia. Usiende kuomba ruhusa ya hoja. Mwombe akusaidie kuisoma sura ya 13. Anaweza kukataa, na kongamano ni la kanisa lake, kwa hiyo anaweza kukunyima hata zile dakika 20. Ikiwa hivyo, una njia nyingine: kukaa na wasichana peke yao, ishirini ishirini, jioni, ukiwa na muuguzi. Haina kipaza sauti, ila kwa uzoefu wangu huko ndiko maswali ya kweli huulizwa.

Sitakwambia kwamba hutapoteza kitu. Ukatibu unaweza kwenda. Watakuzungumzia, na kwa kuwa una miaka 28 na hujataja mume, watalitumia hilo kwanza. Ukiona bado hauko tayari mwezi ujao, kwa sababu ya lile la chuoni au kwa sababu nyingine, sema kwenye kata tu na kongamano uliache kwa mwakani. Sitakudharau, wala mabinti wako hawatakudharau. Na ukitishwa, kwa ujumbe, kwa simu au kwa mtu kukufuata njiani, usijibu mwenyewe. Tunza ujumbe, mwambie mtu mmoja nyumbani, nenda Dawati la Jinsia na umtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya. Huduma yetu hailipiwi. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya simu ni 116, ni bure.

Umeomba sentensi ya kwanza. Kwenye kata: "Mheshimiwa diwani, wazazi wangu, shikamooni, mwaka jana katika kata yetu mabinti waliacha shule kwa mimba, na sijasikia kikao chochote kilichouliza baba za watoto wale wako wapi." Nyamaza kidogo hapo, uwaache watazamane. Kanisani usiwe na sentensi yako kabisa. Wasalimie, wataje sura, na usome habari za Tamari kuanzia mstari wa kwanza mpaka ule wa 22, taratibu, pasipo kuruka kitu, kabla hujaongeza neno lako hata moja.